Gauni la Kulalia Lililopotea

Alfajiri ya Jumamosi, Juni 30, 1860, yaya wa miaka 22 aitwaye Elizabeth Gough aliamka katika jumba la Road Hill, kijijini Road, mpakani mwa Wiltshire na Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Akatupa jicho kwenye kitanda cha mtoto wa kiume aliyekuwa akimlea. Mtoto hayumo. Matandiko yamenyooshwa vizuri. Aliyemwondoa mtoto hakuwa na haraka. Yaya hakushtuka. Alidhani mama mtu amemsikia mwanawe akilia usiku, akaja kumchukua. Ilipopita saa moja asubuhi ndipo alipobisha mlango wa bibi wa nyumba na kumwuliza. Mama hakuwa naye.

Mtoto huyo, Saville Kent, alikuwa hajatimiza miaka minne. Wanakijiji wawili waliojiunga na msako walimkuta ndani ya choo cha nje, kwenye vichaka vya bustani, akiwa na blanketi la kitanda chake, koo limekatwa.

Nimeanza na mtoto huyu kwa makusudi. Riwaya za Kiingereza za mauaji ndani ya jumba la mashambani, zile za maktaba, mvinyo, wageni wa mwisho wa juma na maiti sakafuni, zimesomwa na mamilioni ya watu kwa starehe, na mimi ni mmoja wao. Starehe hiyo ina asili yake, na asili hiyo ni kifo cha mtoto wa kweli pamoja na fedheha iliyompata askari aliyediriki kusema kwamba muuaji ni mtu wa nyumbani. Mambo mengi katika riwaya hizo, tangu milango iliyofungwa kwa ndani mpaka aina ya mpelelezi anayeruhusiwa kuingia, hayaeleweki sawasawa kwa mtu asiyejua yaliyotokea Road Hill.

Baba wa nyumba, Samuel Kent, alikuwa mkaguzi wa viwanda wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wenye viwanda vya nguo hawakiuki sheria ya kuwaajiri watoto, nayo haikumpatia marafiki wengi katika bonde lile. Mke wake wa kwanza, ambaye yeye Kent alisema ana wazimu, alifariki mwaka 1852. Mwaka uliofuata Kent alimwoa Mary Pratt, mwanamke aliyeajiriwa miaka mingi kabla yake kuwafundisha watoto nyumbani mle mle, wakati mama yao angali hai. Majirani walikuwa na yao ya kusema kuhusu ndoa hiyo, na watoto wakubwa walikuwa na macho.

Nyumba yenyewe ilisema mengi kwa jinsi ilivyogawanywa. Kent na mke wa pili, pamoja na watoto wao wadogo na yaya, walilala ghorofa ya kati. Watoto wa marehemu, yaani mabinti wawili watu wazima, Constance mwenye miaka 16 na William aliyekuwa anakaribia 15, walilala ghorofa ya juu kabisa, pamoja na mpishi na mtumishi wa vyumbani. Sijui kama yupo msomaji wa Pwani au bara, aliyelelewa na mama wa kambo au aliyewaona waliolelewa hivyo, ambaye hatauelewa mpangilio huo mara moja bila kuelezwa.

Usiku wa mkasa watu 12 walilala humo. Milango ilifungwa kama ada. Asubuhi mtumishi alikuta mlango wa sebule kuu u wazi na dirisha lake limeinuliwa kidogo, lakini mbao za dirisha zile hazikuweza kufunguliwa kutoka nje. Maana yake ilikuwa wazi, na kila mtu kijijini aliijua kabla ya jua la adhuhuri: aliyefanya haya alikuwa mmoja wa watu waliolala humo.

Kujua ni jambo moja, kulisema mbele ya mwenye nyumba ni jambo jingine. Mrakibu John Foley wa polisi ya Trowbridge aliingia jumbani kwa adabu ya mtu anayemtembelea mkubwa wake. Siku ileile askari wake walikuta jikoni, katika tundu la chini ya tangi la kuchemshia maji, shimizi ya kike yenye damu. Usiku, askari wawili waliowekwa walinde walifungiwa jikoni na Kent mwenyewe, komeo kwa nje, na shimizi ile haikuonekana tena. Foley aliona haya hata kuitaja nguo ya namna ile. Alinyamaza nayo miezi kadhaa, mpaka ilipofichuka mwishoni mwa mwaka, wakati madhara yalikwisha kutendeka. Ushahidi mkubwa kuliko wote ulipotea kwa sababu polisi mzima wa cheo aliogopa kuvunja stara ya nyumba ya wakubwa.

Wiki mbili zilipita bila ya jibu. Mahakimu wa Wiltshire wakaomba msaada London, na Julai 15 akafika Inspekta Jonathan Whicher wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi ya London.

Kikosi cha wapelelezi cha London kilikuwa kipya katika maisha ya Waingereza. Kiliundwa mwaka 1842 kikiwa na watu wanane tu, wakivaa nguo za kiraia, na wengi hawakulipenda wazo la askari kanzu. Waliona ni ushushushu wa aina ya Kifaransa, serikali kuwapenyezea raia macho yake. Aliyesaidia kuwageuza watu moyo ni Charles Dickens. Mwaka 1850 aliwaalika makachero hao kwenye ofisi ya gazeti lake, akawasikiliza, kisha akawaandika kwa sifa kubwa, Whicher akiwemo kwa jina lililogeuzwa kidogo tu. Whicher alikuwa mtoto wa mtunza bustani wa Camberwell, mfupi, mnene kiasi, na mkimya kwa tabia. Kufikia 1860 wenzake walimhesabu kuwa bingwa wao.

Alichokifanya Road Hill ndicho ambacho wapelelezi wa vitabuni wamekuwa wakikifanya tangu hapo. Hakutafuta alama za miguu wala jambia lenye damu. Alitafuta kitu ambacho kilipaswa kuwepo na hakipo.

Constance alikuwa na magauni matatu ya kulalia. Yaliyopatikana ni mawili. Maelezo ya nyumbani yalikuwa kwamba la tatu lilipelekwa kwa dobi siku ya Jumatatu baada ya mauaji na dobi akalipoteza. Dobi, mwanamke wa kijijini, alishikilia kwamba gauni hilo halikumfikia. Mtumishi wa vyumbani, Sarah Cox, aliyeandika orodha ya nguo chafu, alishikilia kwamba alilitia kapuni kwa mikono yake. Wanawake wawili maskini, kila mmoja na kauli yake, na wote wawili wanaonekana wakweli. Whicher aliwaamini wote wawili, na hapo ndipo ninapouona ubingwa wake. Akamwuliza Cox: je, kapu lilipokuwa tayari, Constance hakupita hapo? Naam, alipita. Alimwomba Cox aangalie mfukoni mwa gauni moja kama amesahau kipochi chake, kisha akamwomba ashuke chini amletee maji ya kunywa. Kwa dakika ile alibaki peke yake na kapu.

Whicher akaunganisha. Gauni lililovaliwa usiku wa mauaji lilikwisha kuteketezwa. Jingine, safi, ndilo polisi walilolikuta kitandani na kuliona halina dosari, na ndilo lililoandikwa kwenye orodha ya dobi. Msichana akalichomoa kapuni, ili hesabu ikipungua lawama imwangukie mfuaji. Hivyo upungufu wa gauni moja ungeonekana umetokea baada ya mauaji, nje ya nyumba, mikononi mwa mtu ambaye hakuna atakayejali heshima yake.

Akaongeza na habari ya zamani. Mwaka 1856 Constance, mtoto bado, alitoroka nyumbani na William wakaenda mpaka Bath. Kabla ya kuondoka alivaa nguo za kiume, akakata nywele zake, akazitupa. Alizitupa katika choo kilekile cha vichakani.

Julai 20 Whicher alimkamata. Juma moja baadaye, katika ukumbi wa kijiji, wakili wa familia alisimama mbele ya mahakimu akamvua nguo inspekta huyo hadharani. Msichana wa miaka 16, binti wa watu wenye heshima, anatuhumiwa kwa kuua, na ushahidi ni nini? Gauni moja la kulalia limepungua kwenye nguo za dobi! Watu walishangilia ukumbini. Constance akaachiliwa kwa dhamana ya pauni 200, na Whicher akapanda treni kurudi London mikono mitupu.

Magazeti yaliyokuwa yakimsifu yakamgeuka. Alilaumiwa kwa tamaa ya zawadi ya fedha na kwa ukatili. Zaidi ya yote alilaumiwa kwa utovu wa adabu, kwamba mtoto wa mtunza bustani amefungua makasha ya binti wa watu na kuhesabu nguo zake za ndani mbele ya ulimwengu. Wakati huohuo, na hili linanikera kila nikilisoma, watu walewale walioshtushwa na upekuzi huo walijaa hamu ya kupekua wenyewe. Barua kwa mamia zilimiminika kwa polisi na Wizara ya Mambo ya Ndani kutoka kwa raia waliokuwa na majibu yao. Dickens naye alikuwa na lake. Alimwandikia rafiki yake, mwandishi Wilkie Collins, kwamba anaamini baba na yaya walikuwa pamoja kitandani, mtoto akaamka, wakamnyamazisha. Yaya Gough alikamatwa, akahojiwa, akaachiliwa. Alikuwa mtumishi, ilikuwa rahisi kumshuku.

Whicher alistaafu Machi 1864 akiwa na miaka 49. Cheti kilisema ana maradhi ya ubongo.

Aprili 25, 1865, mwanamke kijana aliyevaa nguo nyeusi aliingia katika mahakama ya Bow Street, London, akifuatana na padri wa Kianglikana Arthur Wagner, aliyekuwa na nyumba ya watawa huko Brighton. Alikuwa Constance Kent. Alikuja kukiri kwamba yeye peke yake ndiye aliyemwua mdogo wake. Julai mwaka huo, mahakamani Salisbury, alikubali kosa. Jaji alimhukumu kunyongwa huku machozi yakimtoka. Adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha, na kati ya hicho alitumikia miaka 20.

Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba maungamo yake hayakusema yote, na kwamba alimkinga William, ambaye baadaye alikuwa mtaalamu mashuhuri wa viumbe wa baharini na kuandika kitabu kikubwa juu ya miamba ya matumbawe ya Australia. Whicher mwenyewe alikuwa na shaka kwamba kijana yule alimsaidia dada yake. Hata hivyo, katika kiini cha jambo, mtoto wa mtunza bustani alikuwa ameona sawa ndani ya siku tano. Hakuna aliyemrudishia cheo. Alifanya kazi za upelelezi wa binafsi, akasaidia kumfichua tapeli maarufu aliyedai urithi wa ukoo wa Tichborne, akafariki mwaka 1881.

Fidia yake, kama ipo, ilitoka kwa mwandishi wa hadithi. Wilkie Collins alikuwa amefuatilia kesi ile kwa makini. Mwaka 1868, katika gazeti la Dickens, akaanza kuchapisha sura kwa sura riwaya iitwayo The Moonstone. Almasi iliyoporwa India, katika vita vya Seringapatam mwaka 1799, inaibwa usiku katika jumba la bibi mmoja tajiri huko Yorkshire. Milango ilikuwa imefungwa. Mrakibu wa polisi wa pale ni mzito wa akili. Anaitwa bingwa kutoka London, Sajenti Cuff, na anachokitafuta Cuff ni gauni la kulalia, safari hii lenye doa la rangi ya mlango badala ya damu, tena anaomba aione orodha ya nguo za dobi.

Collins alijua anachofanya. Aliondoa mtoto aliyechinjwa akaweka jiwe la thamani, aliondoa damu akaweka rangi mbichi, na kwa mabadiliko hayo mawili akawapa Waingereza ruhusa ya kuchezea kitu ambacho miaka minane nyuma kiliwaumiza. Naelewa kwa nini alifanya hivyo, na riwaya yenyewe naihesabu miongoni mwa zilizosukwa vizuri kuliko zote za karne ile. Lakini tangu siku hiyo aliyekufa katika hadithi za namna hii alianza kuwa kisingizio cha fumbo, na kasoro hiyo haijawahi kuondoka kabisa.

Kwa Cuff, Collins alikuwa na huruma. Alimfanya mpenda mawaridi, mtu wa kubishana na mtunza bustani kuhusu njia za bustanini. Kama alikuwa akimkumbuka baba yake Whicher sina la kuapia, ila sioni kwamba ni sadfa tupu. Cuff naye anamshuku binti wa nyumba, bibi mwenye nyumba anamlipa ujira wake na kumwambia arudi London. Tofauti ni kwamba Cuff amekosea hapo mwanzo. Baadaye, amekwisha kustaafu, anaandika jina la mwizi kwenye karatasi, anaifunga ndani ya bahasha, na bahasha inapofunguliwa jina ni lenyewe. Whicher alikuwa sahihi na hakusikilizwa. Collins alimpa mwenzake wa vitabuni siku ambayo bahasha inafunguliwa mbele ya watu.

Vilevile alimpa nafasi mtumishi. Rosanna Spearman, mfanyakazi wa ndani mwenye bega lililopinda, aliyewahi kufungwa kwa wizi, ndiye anayejua siri ya gauni, na barua yake ndefu ndiyo sehemu ninayoirudia zaidi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Road Hill aliyejua hesabu ya nguo alikuwa Sarah Cox, wala si Kent aliyelipia nguo hizo. Waandishi wa baadaye walisahau somo hili kwa haraka ya ajabu. Katika riwaya za miaka ya 1920 na 1930 watumishi wengi huingia na chai, hulia jikoni, husema jambo moja lenye maana kwa lafudhi ya kuchekesha, halafu hutoweka, au huuawa kwa sababu wanajua kitu. Huo ni umaskini wa riwaya hizo, hata zilizo bora.

Miaka hiyo ndiyo watu huita enzi ya dhahabu ya riwaya ya upelelezi, na ni enzi iliyotoka kaburini. Vita ya 1914 mpaka 1918 ilikuwa imeua warithi wa majumba mengi. Mwaka 1919 kodi ya urithi kwa mali kubwa kuliko zote ilifikishwa asilimia 40. Wasichana waliokuwa wakifagia vyumba vya wakubwa walikwisha kuonja kazi ya viwandani na madukani, na wengi hawakurudi. Majumba yakauzwa, yakageuzwa shule na hoteli, mengine yakabomolewa. Basi jumba la mashambani lilistawi vitabuni wakati lilipokuwa linakufa ardhini, na wasomaji walilihitaji hivyo, limekamilika, lina kengele ya chakula cha jioni na fedha zilizosuguliwa, na uovu wake una jibu katika sura ya mwisho.

Agatha Christie aliandika riwaya yake ya kwanza ya upelelezi, The Mysterious Affair at Styles, mwaka 1916, alipokuwa akihudumu hospitalini Torquay, ambako alijifunza kuchanganya dawa na kuzijua sumu. Ilikataliwa na wachapishaji kadhaa, ikatoka Marekani mwaka 1920 na Uingereza mwaka uliofuata, na yeye akapata pauni 25 tu. Maisha ya majumba aliyajua kwa karibu. Dada yake aliolewa kwenye ukoo wa Abney Hall, jumba la Cheshire ambako Christie alikuwa akila Krismasi. Katika Styles mwenye nyumba anauawa kwa strikinini, milango ya chumba chake imefungwa, na wote waliolala humo wana sababu.

Tazama sasa nani anaingia kuchunguza. Mjini Torquay Christie aliwaona wakimbizi wa Ubelgiji waliokimbia majeshi ya Ujerumani, akamfanya mpelelezi wake kuwa mmoja wao, Hercule Poirot, polisi mstaafu mwenye masharubu yaliyotunzwa. Poirot ni mgeni. Waingereza hawajui wamweke ngazi gani, juu yao au chini yao, kwa hiyo wanamdharau kidogo na kusema mbele yake wasiyopaswa kuyasema. Miaka michache baadaye Dorothy L. Sayers alimleta Lord Peter Wimsey, mtoto wa kabaila wa daraja la juu kabisa baada ya ukoo wa kifalme. Huyo haombi ruhusa kwa yeyote. Wenye nyumba ni binamu zake. Mwaka 1930 Christie akamfikisha Miss Marple kwenye riwaya nzima, bibi kizee wa kijijini anayefuma sufu na kualikwa chai kwa kila mtu.

Mgeni asiye na ngazi, mtoto wa kabaila, bibi wa jirani. Wote watatu ni majibu ya swali lilelile lililomwangusha Whicher, swali la nani ana haki ya kufungua kabati la mwenye nyumba. Waandishi hawa walilitatua kwa kumwondoa askari wa kawaida kwenye kiti cha mbele. Polisi wamo katika vitabu vyao, wanaandika maelezo na kumkamata asiye na hatia, mara nyingi mtu wa chini. Nawapenda waandishi hawa, lakini naona hapa walikubaliana na kijiji cha Road kuliko walivyojua.

Hata kwetu utatuzi huo ulifika. Katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Bwana Msa wake, mwenye kiko na rafiki aitwaye Najum, anafuata nyayo za Sherlock Holmes waziwazi. Maiti ya mwenye mali inakutwa penye mzimu, na polisi yupo, Inspekta Seif, lakini anayevua siri ni mtu asiye na cheo cha polisi. Abdulla alikuwa na sababu zake zaidi ya kuiga. Katika mji wa Zanzibar wa enzi ile, ambako mambo ya ukoo, ndoa na urithi husitiriwa nyuma ya mlango wa nakshi, askari wa serikali ya kikoloni angeambiwa nini barazani? Mtu muungwana anayekaribishwa kahawa, ajuaye ukoo huu umeoana na upi, huambiwa. Abdulla aliendelea na Bwana Msa katika Kisima cha Giningi na vitabu vingine, na siri za hadithi zake mara kwa mara huwa siri za nasaba. Hapo amewapita wengi wa Waingereza, maana alirudi kwenye kiini cha Road Hill, yaani nani ni mtoto wa nani, na nani amependelewa, pengine bila kuifikiria kesi hiyo hata kidogo.

Waingereza wenyewe hawakuisahau. Mwaka 1928 mwandishi wa riwaya za upelelezi aliyejiita John Rhode alichapisha kitabu juu ya kesi ya Constance Kent. Mwaka uliofuata akapokea barua ndefu kutoka Sydney, Australia, isiyo na jina. Mwandishi wake alijua mambo ya ndani ya Road Hill ambayo hayakuwahi kuchapwa popote. Alieleza jinsi mke wa kwanza alivyodhalilishwa nyumbani kwake, na jinsi mtoto wake wa kike alivyokuja kuyatambua hayo alipokua na kuchukia. Aliomba kwamba barua ikiwa na thamani yoyote ya fedha, fedha hizo wapewe wachimba migodi wa Wales.

Constance alifunguliwa mwaka 1885, akahamia Australia akijiita Ruth Emilie Kaye. Alisomea uuguzi, akawauguza wagonjwa wa ukoma karibu na Sydney, akawa matroni. Wanaoijua kesi hii wengi hawana shaka kwamba barua ile ilitoka kwake. Mwaka 1930 Rhode, pamoja na Christie, Sayers na wenzao, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Detection Club jijini London, klabu ambayo wanachama wake waliapa kumtendea msomaji haki na kutomficha ushahidi. Kitabu cha wanachama hao cha mwaka 1936 kuhusu mauaji ya kweli kina sura ya Rhode juu ya Constance Kent. Kwa hiyo katika miaka ambayo Uingereza nzima ilikuwa ikisoma kuhusu maiti katika maktaba, mwanamke ambaye kesi yake ilianzisha yote hayo alikuwa hai upande wa pili wa dunia. Alifariki Aprili 10, 1944, akiwa ametimiza miaka 100 miezi miwili tu nyuma.

Miaka mitano baadaye Christie alichapisha Crooked House. Hamna Poirot humo, wala Miss Marple. Kuna jumba, mzee tajiri aliyeuawa, mke kijana ambaye kila mtu angependa awe ndiye mwenye hatia kwa kuwa ametoka nje ya ukoo, na watoto ndani ya nyumba. Katikati ya kitabu ofisa mkuu wa Scotland Yard, akizungumza na mwanawe juu ya aina za wauaji, anamtaja Constance Kent kwa jina, na jinsi watu walivyosema alimpenda yule mdogo wake. Christie alisema zaidi ya mara moja kwamba kitabu hiki ni kimojawapo cha vile alivyovipenda kuliko vyote. Mimi naona ndicho alichokiandika kwa ujasiri mkubwa kuliko vyote, kwa sababu jibu lake ni la kutisha namna ya Road Hill, na safari hii hakumpa msomaji mgeni wala mtumishi wa kulichukua jibu hilo akalipeleka nje ya nyumba.